Matone Matatu Chini ya Gari

Mnanicheka. Najua, maana macho yangu yameharibika lakini masikio bado mazima. Jumapili ibada ikiisha, watu wakiamkuana nje ya kanisa letu hapa Kiganjo, nyinyi vijana wa kwaya mnaniona nikitandika gazeti kwenye changarawe, nikilala chali na suti yangu, na kuingiza kichwa chini ya gari la mtu nisiyemjua. "Guka ameanza tena," husema mmoja wenu. Mwingine alisema akili imeniruka, na mke wangu akamsikia, na njia nzima ya kurudi nyumbani akanigombeza. Sikukoma. Leo nimekaa niwaandikie sababu, hasa nyinyi mnaoshika mashine za kuchomelea katika gereji za Thika na Ruiru, kwa kuwa magoti yangu yamekataa na nahitaji watu wa kulala chini badala yangu.

Naitwa Wafula, Baba Nekesa kwa rafiki zangu. Mimi ni Mbukusu, lakini nimekaa huku hadi watoto wa Wakikuyu wananiita guka, yaani babu, na mimi naitika bila kugeuka mara mbili. Nimekuwa welda maisha yangu yote, na kwa sehemu kubwa ya maisha hayo watu walinijua kwa kazi moja tu, ile ya kuimarisha mauntingi za nyuma.

Ambaye haijui kazi hiyo anisikilize kidogo. Kuna magari ya saluni yanayosukumwa na magurudumu ya nyuma, yale yanayoletwa kutoka ng'ambo yakiwa yameshatumika, mazito, yenye injini za kujigamba. Chini kwa nyuma yana fremu ndogo ya chuma tunayoiita sabfremu. Hiyo ndiyo inayobeba difu, yaani gia kuu ya nyuma, na miguu ya nyuma. Imefungwa kwenye sakafu ya gari kwa boliti nene, na pale boliti zinapoingia ndipo penye mauntingi. Sasa sabfremu ni chuma kizito, lakini sakafu ni bati tu. Kila unapokanyaga mafuta, chuma kinalivuta bati upande mmoja, na ukiachilia kinalirudisha upande wa pili. Ongeza matuta ya Ruiru. Ongeza mashimo ya Mwiki, na tajiri wa kwanza aliyelipeleka gari mbio, na mwenye gari wa tatu anayelipakia trei za mayai mpaka nyuma inabonyea. Bati linachoka, linapasuka kidogo kidogo, na ufa unatambaa chini ya ile lami nyeusi ya kuzuia kutu, mahali ambapo hakuna jicho linalofika.

Ukiletewa gari la namna hiyo usikimbilie jeki. Ingia ndani, zima redio, mwambie mwenye gari anyamaze, na hilo ndilo gumu kuliko yote. Ondoka polepole, kanyaga mafuta, achilia, kanyaga tena. Ukisikia kishindo kimoja kizito nyuma ya kiti, kama mtu aliyeangusha gunia la viazi ndani ya buti, hilo si la shoki, vile vyuma vya kupunguza mtikisiko. Mwenye gari atakuapia kwamba ni shoki. Ameambiwa hivyo na shemeji yake, na shoki mpya ameshanunua, ziko hapo kwenye kiti cha nyuma. Mwache aseme, wewe liinue gari uanze kukwangua lami.

Mimi nilifundishwa Thika, kwa Kalasinga mmoja mzee aliyeitwa Harbans. Alizaliwa hapa hapa, na Kikuyu alikijua kuliko mimi, hata akawa ananitafsiria matusi ya wateja. Alikuwa mkali. Hakukuelezea kitu mara mbili, na mara ya kwanza yenyewe alikuwa anaongea huku amefunika uso kwa ngao ya kuchomelea, kwa hiyo ulisikia nusu. Lakini jambo moja alinikalisha chini nalo. Alipangusa bati kwa mafuta ya taa, akalikausha kwa kitambaa, kisha akasugua chaki juu yake na kuniambia tungoje. Baada ya muda yale mafuta yaliyokuwa yamejificha ndani ya ufa yalianza kutoka na kuilowesha chaki, na nikauona ufa mzima ukijichora mbele yangu, mrefu kuliko nilivyodhani.

"Unaona kichwa yake?" akaniuliza, akigusa pale mstari ulipoishia. "Ufa iko na kichwa. Usipokata hii kichwa, itatembea. Hata uweke pleti ya tanki ya jeshi juu, itatembea chini yake."

Kukata kichwa maana yake ni kutoboa kitundu kidogo kwa drili pale pale ufa unapoishia. Ufa ukifika kwenye kitundu cha mviringo unakosa pembe ya kupasulia, unasimama. Baada ya hapo unasafisha mafuta yote, kabisa, maana usipoyasafisha utakula moto. Unachomelea ufa wenyewe, unausawazisha kwa grainda, na hapo tu ndipo unapoleta pleti. Pleti ni kitu cha mwisho. Mtu akianza na pleti, huyo anapamba.

La mwisho kabisa lilikuwa alama. Harbans alishikilia kwamba kazi inayofichwa chini ya lami lazima iwe na mwenyewe. Ikiharibika, yeyote atakayeifungua ajue gari limrudie nani. Alama yake ilikuwa mstari mfupi kando ya pleti. Yangu ikawa matone matatu ya chuma, yaliyokaa kama mafiga. Nilikuwa nayaweka nikishamaliza kila kitu, mashine ingali moto, halafu napaka lami. Nilijivunia matone hayo kuliko ninavyoweza kuwaeleza. Kuna fundi mmoja wa Githurai aliyewahi kulifungua gari, akayaona, akalifunga tena na kumwambia mwenyewe aende nyumbani, huko chini kuko sawa.

Nisiwafanye mdhani tulikuwa malaika. Nilipohamia Ruiru na kufungua kibanda changu kwenye safu ya gereji karibu na reli, siku moja nilichomelea mauntingi za mbele za sabfremu bila kuondoa sponji ya kiti cha nyuma. Nyinyi mnajua kinachofuata. Moshi, halafu moto ndani ya gari la mwalimu mkuu, na ndoo ya maji imeenda kwa mama wa chakula kuoshea vyombo. Aliyeniokoa ni jirani yangu Kimani. Alikuja mbio na sufuria nzima ya githeri iliyokuwa jikoni, akaimwaga kwenye kiti, mahindi, maharagwe na mchuzi wake. Moto ukazima. Tulisugua kiti hicho kwa sabuni, tukakianika, tukakinyunyizia manukato ya mke wangu, na bado mwalimu mkuu alirudi kuuliza kwa nini gari lake linamtia njaa. Kwa hiyo ondoeni sponji, ondoeni kapeti, tenganisheni betri, na tangi la mafuta liwe mbali nanyi.

Huyo Kimani ndiye ninayetaka kuwaambia habari zake. Alikuwa mnyooshaji wa bodi, na kibanda chake kilipakana na changu, kati yetu ukuta wa mabati wenye matundu ya misumari. Mlango uliopondwa ungempa asubuhi, jioni ungedhani umetoka kiwandani. Tulikunywa chai pamoja kila siku. Alinizikia mama yangu, akapanda basi hadi Bungoma na kurudi. Ni rafiki yangu, na nawaomba mlishike hilo mnapoendelea kusoma.

Sasa kulikuwa na desturi kwenye safu yetu, na nasikia ingali huko kwenu. Fundi mwenye kibanda chake haulizwi kama anajua kazi, na yeye haulizi. Mwanafunzi huuliza. Ukishatundika kibao chako, unajifunza kwa macho tu. Unapita pole pole mahali mwenzako anafanya kazi, unachungulia kwenye mabati, unaenda kujaribu. Kumwuliza fundi mzima, "Hii unaijua kweli?" ni kumtukana mbele ya watu. Na yeye kukuambia, "Nionyeshe," ni kujivua nguo. Tuliishi hivyo na tuliona ni heshima.

Macho yangu yalipoanza kuona ukungu kuzunguka kila taa, daktari aliniambia niache mashine. Nikafunga kibanda, nikarudi hapa Kiganjo kukaa na mke wangu na kuku wake. Wateja waliendelea kuja Ruiru wakiuliza Wafula yuko wapi. Kimani akawaambia, "Mzee alienda, lakini hiyo kazi naijua." Sikuona ubaya. Nilimpitia siku moja, nikakuta saluni imeinuliwa kibandani kwake na sabfremu iko chini. Tulikunywa chai. Tukaongea juu ya serikali, juu ya magoti yangu. Juu ya lile gari hatukusema neno, kwa sababu yeye ni fundi mzima na mimi ni fundi mzima.

Nyambura alikuwa muuguzi. Nilimjua kwa sura tu, kwa sababu mama yake anauza mboga hapa karibu na shule, na binti alikuwa akimsaidia kufunga meza akirudi kazini. Alikuwa ameshikilia gari lake kwa jino na ukucha, saluni ya mkono wa tatu, na lilipoanza kugonga nyuma aliuliza huku na huku akaambiwa aende kwa Wafula wa Ruiru. Akaenda. Asubuhi moja, akitoka zamu ya usiku, akiwa barabara kuu kuelekea Thika, upande mmoja wa nyuma uling'oka. Hakuna aliyemgonga. Gari lilijipinda lenyewe, likaenda kwenye ukingo wa daraja. Alikufa kabla watu hawajafika.

Polisi walinipigia simu. Fundi mmoja aliyeitwa kulivuta gari alikuwa ameyaona matone, akasema haya ni ya mzee Wafula. Nilienda. Lilikuwa uani kwenye kituo, limefunikwa turubai, na mkaguzi wa magari alikuwa mwanamke wa makamo aliyevaa ovaroli, amelala chini yake na tochi. Aliponiona akatoka, akajipangusa mikono.

"Mzee, hizi dots ni zako?"

Niliinama. Zilikuwa tatu, zimekaa kama mafiga. "Ni zangu," nikasema.

"Sawa. Ona hapa. Welding yenyewe haijaachana, imeshika vizuri. Bati ndiyo imeraruka kando ya pleti, mzunguko wote. Nataka kujua kwa nini."

Akanipa pleti mkononi. Ilikuwa imetoka na mduara wa bati bado umeng'ang'ania, na pembeni yale matone yanang'aa. Niwaambieni nilivyohisi. Nilijaribu kulikumbuka lile gari na sikulikumbuka, nikajiambia ni uzee, nimemuua mtoto wa watu na hata gari lake sikumbuki. Kisha nikaigeuza pleti, nikamwomba amulike. Ufa ulipita katikati ya lile bati, kutoka ukingo hadi ukingo, na haukuwa na kitundu popote. Hakuna aliyeukata kichwa. Hata lami ya zamani ilikuwa bado hapo chini ya pleti, imeungua nusu.

Nilifurahi. Msichana amekufa, damu yake iko kwenye kiti pale nyuma ya turubai, na mimi nimesimama na pleti mkononi moyo umejaa furaha kwa sababu si mimi. Ilidumu kidogo tu, kisha nikajua ni kazi ya nani.

"Si kazi yangu," nikamwambia mkaguzi. "Lakini namjua mwenyewe. Niruhusu nimfikie kwanza, nitakuja naye."

Akasema, "Uje naye leo."

Nilimkuta Kimani amepiga magoti mbele ya mlango wa gari, anagonga kwa nyundo ya mbao. Aliponiona akafurahi, akapiga kelele iletwe chai. Nikamwonyesha picha kwenye simu.

"Kimani, hii ni kazi yako?"

"Eeh. Si ni ya yule nurse wa Thika? Imerudi? Iko na shida gani?"

"Amekufa. Leo asubuhi. Nyuma iliachana."

Akaweka nyundo chini taratibu. "Haiya," akasema. Halafu akamwita Mungu, "Ngai. Si hivyo. Baba Nekesa, si hivyo, hiyo nilichomea mzuri sana."

"Ulitoboa wapi?"

"Kutoboa nini?"

"Mwisho wa ufa."

"Ufa si ilikuwa chini ya pleti? Si pleti ndiyo inaziba?"

Nilimuuliza kuhusu matone. Aliniangalia kana kwamba namtega.

"Si hiyo ndiyo lock? Wewe huweka kila mara, mwisho kabisa. Ndiyo pleti isicheze."

"Nani alikuambia?"

"Hakuna mtu aliniambia. Nilikuwa naona."

Ndivyo ilivyokuwa. Kutoka kwenye tundu lake la msumari aliiona pleti ikiingia, cheche zikiruka, na mwishoni matone matatu. Kitundu cha drili hakukiona, kwa sababu nilikitoboa nikiwa nimelala chali chini ya gari, na gunia la kuzuia mwanga limening'inia kati yetu. Alichokiona alikifanya kwa uaminifu wote, tena mchomeleo wake ulikuwa safi kuliko wangu. Hakuiba alama yangu. Alidhani ni sehemu ya kazi, akaiweka kwa bidii ili watu wasafiri salama.

"Kwa nini hukuniuliza, Kimani?"

Alikuwa analia, lakini alinijibu akiniangalia machoni. "Niko na gereji yangu miaka yote hiyo, nije nikuulize kama mtoto? Ungenionaje?"

Chai ililetwa, ikapoa juu ya stuli, na tukaondoka kwenda kituoni.

Siku chache baadaye tulienda kwa mama yake Nyambura, mimi na Kimani na wazee wawili wa kanisa. Kimani alikuwa ameachiliwa kwa dhamana. Sikujua kama tutapokelewa. Mama alitutolea viti, akabaki amesimama, mikono ndani ya aproni yake ya kuuzia mboga. Nilimweleza yote, kitundu, pleti, matone, kwa maneno mepesi niliyoweza. Kimani alipojaribu kusema kwa Kikuyu kwamba anaomba msamaha alishindwa kumaliza.

Mama akasema, "Nyambura aliniambia amepeleka kwa Wafula. Alirudi amefurahi. Alisema sasa iko sawa kabisa." Kisha akamgeukia Kimani. "Ziko zingine?"

Kimani akainamisha kichwa.

"Nimekuuliza, ziko zingine umechomea hivyo?"

"Ziko, maitu," akasema, akimwita mama kwa Kikuyu.

"Na nyinyi mmekuja kukaa hapa kwangu?" Akafungua mlango. "Endeni mkazitafute. Hayo mengine tutaongea zikipatikana."

Tangu siku hiyo, hiyo ndiyo kazi yangu. Kimani hakumbuki nambari za magari, anakumbuka watu. Yule wa mayai wa Mwiki. Mhubiri wa Membley. Mwalimu wa chekechea ambaye hubeba watoto wa majirani. Tulianza na mwalimu. Alitukatalia mlangoni, akidhani ni ujanja wa kumwibia vipuri, hadi mkaguzi alipompigia simu mwenyewe. Tulipoifungua pleti, ufa ulikuwa umeshatoka upande wa pili, umepita pleti kwa upana wa kiganja. Wa mayai tulimkuta amepakia, yuko njiani kwenda kupeleka, tukamsimamisha kwa nguvu karibu tupigwe. Mhubiri alitangaza habari hiyo kanisani kwake, na kwa njia hiyo tukapata wengine.

Limebaki moja. Ni saluni ya bluu. Mwenyewe aliliuza kwa dalali, dalali akamuuzia mtu, na mtu huyo labda alilipaka rangi nyingine. Mama yake Nyambura kila nikinunua sukuma kwake huniuliza, "Imepatikana?" Nikisema bado, ananifungia mboga. Kesi ya Kimani inaahirishwa kila mara. Kuchomelea ameacha, na mimi sijamwambia aache wala aendelee. Jumamosi huja Thika, tunazunguka maegesho ya soko, yeye analala chini na mimi nashika tochi. Jumapili nalala mwenyewe. Sasa mmejua.

Mwezi uliopita tulidhani tumelipata. Saluni ya bluu, nje ya harusi, na chini yake, nilipokwangua lami kwa ukucha, matone matatu. Nilimkumbatia Kimani pale kwenye vumbi. Mwenye gari alikuwa kijana mpole, akakubali, tukalipeleka gereji, welda mmoja kijana kama nyinyi akakata pleti. Nyufa zilikuwa zimechomelewa. Kwenye kila mwisho palikuwa na kitundu. Ilikuwa kazi yangu, nzima, haijasogea hata unywele, na tulikuwa tumeikata. Kimani akapitisha kidole kwenye kimoja cha vile vitundu. "Kumbe ni hivi," akasema. Mwenye gari alikasirika, na alikuwa na haki.

Lakini nilijifunza kitu pale, na ndicho kilichonifanya nichukue kalamu. Kabla ya pleti kutoka mimi mwenyewe sikujua. Nilikuwa nimeshikilia tochi juu ya kazi ya mikono yangu na nikaapa ni ya Kimani. Kwa nje zinafanana. Nyinyi hamtaweza kuzitofautisha, na mimi ninaona ukungu.

Kwa hiyo nawaomba hivi. Ukiinua saluni ya aina hiyo, ya rangi yoyote, kwangua lami kwenye mauntingi za nyuma. Ukikuta matone matatu yaliyokaa kama mafiga, usiseme ni kazi ya mzee, usilifunge, usimrudishe mwenyewe nyumbani kama alivyofanya yule fundi wa Githurai. Kata pleti. Kata hata kama inaonekana nzuri, kata zile zote nilizochomea tangu nilipokuwa na nguvu. Ukikuta ufa hauna kitundu, mzuie mwenye gari hapo hapo, kisha mtafute Kimani, atanifikishia habari nami nimpelekee mama yule jibu. Ukikuta vitundu, basi ni yangu. Rudisha pleti vizuri, upake lami. Matone usiyarudishe.